Anwani Iliyoandikwa Ndani



Juzi nilikuwa stendi hapa Kilwa Masoko, nasubiri boksi kutoka Dar. Konda akalitoa chini ya siti likiwa limelowa, jina halisomeki kabisa. "La nani hili?" Nililitambua kwa fundo la kamba tu, mama hufunga hivyo.

Nikakumbuka baiolojia. Ndani ya seli moja ya mwili wako kuna mabilioni ya protini, na kila moja ina mahali pake. Nyingine zinaingia kwenye kiini, nyingine kwenye mitokondria, na nyingine, kama insulini, zinatolewa nje hadi kwenye damu. Zinajuaje njia? Günter Blobel alionyesha kwamba protini hubeba anwani ndani yake yenyewe, kipande kifupi cha asidi amino. Alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 1999, na fedha zake akazitoa kusaidia kujenga kanisa na sinagogi mjini Dresden, mji ulioteketezwa kwa mabomu mwaka 1945.

Je, na sisi tumeandikiwa anwani? Yeremia aliambiwa kuwa Mungu alimjua kabla hajazaliwa. Lakini protini haiwezi kukataa safari yake. Wewe unaweza. Mungu anaita, halafu anasubiri jibu lako. Ndiyo maana tunasema wito, hatusemi amri.

Tusiige seli kwa kila kitu, maana seli haina huruma. Protini ikikunjwa vibaya, inazuiwa na kuvunjwa. Kwenye ugonjwa wa kurithi uitwao saistiki faibrosisi, mara nyingi protini inayoharibiwa ina kasoro moja tu, na ingefika ingefanya kazi kiasi. Mapafu ya mgonjwa ndiyo yanayoumia. Siku hizi zipo dawa zinazoisaidia ikunjike vizuri na kufika.

Hapo ndipo nilipochomwa. Kwenye kikundi chetu kuna kaka alikosea, akaacha kuja. Tukasema, "Amejitoa mwenyewe," tukaendelea na mazoezi ya kwaya. Hakuna aliyemfuata, hata mimi. Tulimsoma kasoro, hatukutafuta fundo la kamba.

Jioni hii naenda kumtafuta kule bandarini. Wewe je, nani umemwacha njiani?

Ee Bwana, utufundishe kumtambua ndugu yetu hata pale jina lake limefutika. Amina.