Afya ya Mwanafunzi ni Jukumu la Nani?

Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, watu wa Goma walivuka mpaka kuja Rubavu, na baadhi yao walipata hifadhi hapa Busasamana. Mhitaji akionekana kwa macho, wajibu haubishaniwi. Lakini mwanafunzi anayelala njaa bwenini, au aliyelemewa na huzuni asimwambie mtu, ni jukumu la nani?

Wengi tunajibu: wapo wahusika. Fiqhi haituachii njia hiyo nyepesi. Fardhi kifaya huwaondokea wengine pale tu wanapopatikana wa kuitekeleza; isipotekelezwa, dhambi ni ya kila mwenye uwezo. Basi kabla ya kusema "wapo", tuhakikishe kwamba wanatekeleza.

Je, tushirikiane na wasio Waislamu? Kabla ya utume, Mtume (s.a.w.) alihudhuria Hilful-Fudhul, mapatano ya Maquraishi ya kumtetea aliyedhulumiwa. Baada ya Uislamu alisema angeitwa tena kwa jambo kama lile, angeitika.

Ndugu zangu, tukutane na wazazi, wauguzi, maimamu na wenzetu Wakristo, tudai kwa sauti moja mshauri nasaha, maji safi na taa njiani. Sadaka humshibisha mmoja leo. Kusemea haki hulinda na watakaokuja. Allah atuwafikishe.