Boga Mla Watu na Deni la Mbunifu

Wasambaa wa milima ya Usambara wana hadithi ambayo Alice Werner aliisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1933 kuhusu visasili vya Wabantu. Watoto wanaliona boga likikua, wanashangaa, nalo linawasemesha. Linanenepa hadi kuwa kubwa kama nyumba, kisha linameza watu wa kijiji kizima. Anasalia mwanamke mmoja, na mtoto anayemzaa ndiye anayekuja kuliua. Boga hili halikupewa pembe wala makucha, na halikuyahitaji. Kila mkulima anajua jinsi boga linavyotambaa juu ya mahindi, likapanda ua, likavuka mpaka wa shamba la jirani, na jinsi tunda lake linavyovimba siku hadi siku. Aliyelibuni zimwi hili aliitazama tabia hiyo, akakataa tu kuiwekea kikomo. Hapo ndipo hoja yangu inapoanzia: kiumbe cha kubuni chenye asili ya mmea huwa na uhai pale kinapotii namna mmea unavyoishi. Kumchukua binadamu na kumvisha majani ni kushona vazi. Kubuni ni kazi nyingine.

Aristotle aliandika kwamba nafsi ya mmea ina uwezo wa kujilisha, kukua na kuzaa, lakini haina hisi. Wengi wamelisoma hilo kama upungufu, kana kwamba mmea ni mnyama ambaye hakukamilika. Lakini yeye mwenyewe aliona jambo la ajabu zaidi, kwamba mimea ikikatwa vipande huendelea kuishi, kana kwamba nafsi iliyo moja ilikuwa tayari kuwa nyingi. Utazame mgomba. Unazaa mkungu mmoja, unakufa, na machipukizi yanayosimama kando yake yametoka kwenye shina lilelile la chini ya ardhi. Je, aliyekufa ni nani, na aliyebaki ni nani? Kiumbe kilichobuniwa kwa kufuata swali hilo kingekuwa mama na mtoto kwa wakati mmoja. Kingeomboleza kwa namna tusiyoijua, au kisingekuwa na sababu ya kuomboleza kabisa. Ukikipa kichwa kimoja, moyo mmoja na hofu ya kufa, umeifuta falsafa yote iliyokuwa ndani yake.

Upo ushahidi wa kinyume pia. Mwaka 1874 gazeti la New York World lilichapisha habari ya mti wa Madagaska uliokula binadamu, wenye mikono kama nyoka, na kabila lililoutolea mwanamke kama sadaka. Mti haukuwapo, na kabila halikuwapo. Mwaka uliofuata Charles Darwin alitoa kitabu chake kuhusu mimea inayokula wadudu, ambamo unywele wa jani unajikunja polepole, bila hasira, juu ya nzi aliyenasa. Mimi naona kitisho kikubwa zaidi katika upole huo kuliko katika uzushi wote wa gazeti. Mti wa Madagaska ulikuwa chui aliyetiwa ndani ya gogo, na uvivu uleule wa kutotazama mmea uliwatukana watu wa kisiwa kizima. Sidhani makosa hayo mawili yalikutana kwa bahati.

Atasema mtu kwamba ngano zenyewe huipa mimea sura ya binadamu. Mandragora hupiga kelele inapong'olewa, na mabaharia wa Kiarabu walisimulia habari za Waqwaq, nchi ambayo mwanajiografia al-Masudi aliitaja pamoja na Sofala, kwamba huko kuna mti unaozaa matunda yenye umbo la watu. Ni kweli. Lakini mzizi wa mandragora wenyewe hugawanyika mithili ya miguu, na una sumu inayoleta kuweweseka na hata kifo. Kelele ile ni sumu iliyopewa sauti. Na watu wa mti wa Waqwaq, katika masimulizi mengi, hufa wanapodondoka, maana uhai wao ni uhai wa tunda. Sura ni ya binadamu, sheria ni ya mmea.

Pingamizi zito zaidi ni la huruma: msomaji, hasa mtoto, atampendaje asiye na uso? Nakubali kwamba uso husaidia. Miti inayotembea ya Tolkien, katika kitabu cha mwaka 1954, ina macho na ndevu. Hata hivyo kinachobaki akilini ni ule mwendo wao wa kutoharakisha neno wala uamuzi. Uso uwepo basi, mradi muda ubaki wa mti. Na anayedai kwamba njozi haina sheria ajiulize kwa nini njozi zisizo na sheria hurudi zote kwenye umbo moja, letu.

Waandishi na wachoraji wa vitabu vya watoto, nendeni ufukweni mkautazame mkoko, ambao mbegu yake huota ingali inaning'inia juu ya mzazi, kisha mche huanguka na kuchukuliwa na maji. Kitazameni kifauwongo kinavyofunga majani kikiguswa. Yajueni hayo kwanza, na macho myachore baadaye, kama bado yatahitajika.