Ushuhuda Uliokatwa Nusu

Neno kuu: 2 Wafalme 7:3-11



Tarehe 10 Machi 2019 ilikuwa Jumapili kama leo. Ndege ya Ethiopian Airlines iliruka Addis Ababa kuja Nairobi. Dakika sita baadaye ikaanguka. Walikufa watu wote 157, na 32 kati yao walikuwa Wakenya wenzetu. Kifaa kimoja cha nje kilitoa habari ya uongo kwamba pua ya ndege imeinuka mno. Mtambo wa ndani ukaamini, ukaisukuma pua chini. Marubani wanavuta juu, mtambo unasukuma chini.

Lakini hebu turudi nyuma kidogo. Usiku wa 28 Oktoba 2018, kule Indonesia, ndege ya Lion Air ya aina hiyo hiyo, Boeing 737 MAX, ilitoka Bali kwenda Jakarta. Nayo ikaanza kuinamisha pua, na hakuna aliyejua kwa nini. Mtambo ule haukuwa umeelezwa kwenye kitabu cha marubani. Wakahangaika, mwisho wakazima swichi mbili, wakaiongoza kwa mkono mpaka Jakarta. Wakatua salama. Haleluya!

Sasa sikia. Walipotua waliandika kwamba vipimo vya mwendo na urefu havikubaliani. Lakini usukani uliotetemeka safari nzima, na zile swichi zilizowaokoa, hawakuziandika. Mafundi wakashughulikia kilichoandikwa. Asubuhi marubani wengine wakapanda ndege ile ile. Watu wote 189 wakaangamia baharini.

Siwatupii wao lawama yote. Wachunguzi walitaja makosa mengi, pamoja na ya waliounda mtambo wenyewe. Ila lile pengo kwenye karatasi limenikosesha usingizi, kwa sababu nalijua. Liko hapa kanisani.

Tunasimama mbele: "Nilipita kwenye jaribu, Mungu akanivusha!" Makofi, tunakaa. Jaribu gani? Ulivukaje? Kimya.

Dada, umerudi kutoka Saudia na majeraha ya moyo. Umeshuhudia tu kwamba Mungu amekurudisha. Wiki ijayo binti wa jirani yako anamfuata ajenti yule yule. Mama, mkopo ulikaribia kukumalizia biashara pale sokoni Kongowea. Mwenzako wa meza ya pili anaujazia fomu kesho. Kijana, umetoka kwenye kamari, na mdogo wako ndiyo kwanza anaingia. Ndege ni ile ile, wapendwa!

Wale wakoma wanne walikuta kambi ya Washami haina mtu. Wakala, wakanywa, wakaficha fedha. Halafu wakashtuka: tukinyamaza mpaka kupambazuke, tuna hatia. Walikuwa watu wa aibu, waliokaa nje ya lango, lakini mji wenye njaa ulipona kwa sababu walisema usiku ule ule.

Si lazima uyamwage yote kwenye maiki. Mchungaji yupo, mama wa kanisa yupo, na binti mwenyewe yupo, mlango wa pili. Mwite. Mwambie kilichotetemeka, na mwambie ulizima nini ndipo ukapona.

Mungu hakukuokoa ili ufiche njia ya kutokea. Jumapili hii usilale nalo. Sema kabla ya asubuhi.

Amina.