Lawama ya Kisichojulikana

Yapo maneno ambayo historia yake ni kesi, na sisi wasemaji ndio washitakiwa. Mojawapo ni "uncouth" la Kiingereza, sifa isiyosikika mara nyingi. Nilikutana nalo Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, nilipokuwa nikifasiri hadithi. Katika rasimu ya kwanza niliandika "mshenzi", wala kalamu haikusita.

Baadaye nikaitafuta asili yake. Katika Kiingereza cha kale, "cuth" ni kinachojulikana. "Uncuth" ni kisichojulikana, kigeni. Hamkuwa na tusi ndani yake. Karne zikapita, kigeni kikawa cha ajabu, cha ajabu kikawa kibaya, hata neno likamtua mtu asiye na adabu. Neno mwenzake, lenye maana ya kujulikana, likatoweka katika matumizi ya kawaida. Kujua kukafa, kutojua kukabaki kukihukumu.

Tusiwacheke Waingereza. Sisi wa pwani, katika karne ya 19, tulimwita mshenzi mtu wa bara asiye na lugha yetu wala dini yetu. Na "ustaarabu" tunaojivunia, kwa asili yake, ni kufuata mwenendo wa Waarabu. Bara nako wanayo yao. Babati ni mji wa Wagorowa, Wairaqw, Warangi na Wadatoga, wanaokutana mnadani kila mmoja na lugha yake. Wadatoga huitwa Wamang'ati, jina lililotoka kwa Wamaasai, na maana yake ni maadui. Hivyo mtoto huzaliwa akiwa amekwisha kuwa adui wa mtu asiyepata kumwona.

Je, kutojua ni dhambi? Sidhani, hakuna awezaye kuwajua watu wote. Dhambi ni kuuchukua upungufu wa macho yangu nikaufanya kuwa sura ya mwenzangu. Wahenga walinena: asiyekujua hakuthamini. Lawama waliiweka kwake asiyejua. Sisi ndio tulioihamisha.

Hadithini nimeliacha neno "mshenzi". Mhusika aliyelitamka alikusudia dharau, na mfasiri hana haki ya kumsafisha. Bali kinywani mwangu nimelikata. Nikikutana na nisiyemjua, nitasema simjui, na upungufu huo ubaki kuwa wangu.