Je, Sadaka Ina Harufu?

Kila Jumapili nikitoka kanisani nina kawaida moja. Nafungua daftari langu, upande wa kushoto naandika Neno tulilosomewa, upande wa kulia habari kubwa ya wiki. Mara nyingi kurasa hizo mbili hata hazisalimiani. Lakini mwaka 2024 ziligongana, na mpaka leo sijaweza kuziachanisha.

Kisa chenyewe ni hiki, ndugu msomaji. Mwanzoni mwa mwaka huo mheshimiwa mmoja alitutembelea kanisani, hapa Nairobi. Akapewa kiti cha mbele, ibada ikasimama atusalimie, salamu zikageuka hotuba. Mwishowe akatoa bahasha nene, "kwa ajili ya vijana wa kwaya." Tukapiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Mimi ndiye niliyepiga zaidi, maana mimi ndiye mpiga kinanda, na kinanda chetu cha zamani kilikuwa kimekufa vitufe vitatu. Mathe, ambaye huuza sukuma wiki, alikuwa ametia kikapuni noti yake ya shilingi 50 kama kawaida. Nani alimtaja? Hakuna.

Kinanda kipya kikaja. Kinalia vizuri, siwezi kudanganya.

Kisha ikafika Juni. Vijana wa rika langu wakajaa barabarani kuupinga Muswada wa Fedha. Jumanne tarehe 25 wakaingia Bungeni, na wengine wakapigwa risasi wakafa. Kesho yake Rais Ruto akatangaza kwamba hatautia sahihi muswada ule. Jumapili iliyofuata nilikwenda kanisani nikingoja kusikia japo neno moja juu ya waliouawa. Tuliombea "amani", basi. Mheshimiwa wetu alikuwa upande wa muswada, na kila mtu pale ndani alilijua hilo. Mimi nami nilikuwa nyuma ya kinanda chake. Nikapiga wimbo uliofuata.

Usiku ule nikafungua Mathayo 27. Yuda anajuta, anavirudisha vile vipande 30 vya fedha. Makuhani wanakataa kuvitia katika hazina ya hekalu kwa kuwa ni malipo ya damu, wanakwenda kununua shamba la mfinyanzi liwe makaburi ya wageni. Mara ya kwanza niliwasifu: angalau walikuwa na mipaka! Mara ya pili nikashtuka. Fedha zile si walizitoa wao wenyewe? Zilipotoka mikononi mwao hazikunuka. Zilipowarudia ndipo wakaziba pua.

Beste wangu wa kwaya haoni tatizo. "Chapaa ni chapaa," aliniambia. "Hizo ni kodi zetu zinaturudia. Paa linavuja, watoto wa Sunday school wananyeshewa, wewe unaleta falsafa!" Nakiri hoja yake ina uzito. Mwenye njaa hachagui mpishi. Lakini kama ni kodi zetu kweli, mbona tunazipokea kwa kushukuru na kupiga magoti? Mwenye mali hashukuriwi na mwizi, iweje yeye amshukuru?

Mnamo Novemba 17, 2024 Rais alitoa mchango katika kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi: shilingi 600,000, zikiwemo za kwaya, na milioni 2 za nyumba ya mapadri. Kesho yake Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, akatangaza kwamba zirudishwe. Wengi tulishangilia. Mimi nilishangilia huku nikikitazama kinanda.

Tunapenda kuhubiriwa juu ya yule mjane wa Marko 12 aliyetoa senti zake mbili. Husomwa hasa siku za harambee. Lakini soma mstari unaomtangulia: Yesu anawakaripia viongozi wa dini wanaokula nyumba za wajane. Soma na inayofuata: mwanafunzi wake mmoja anastaajabia mawe makubwa ya hekalu, naye anamwambia yote yatabomoka. Kumbe jicho lake lilikuwa kwa mtoaji, na pia kwa nyumba inayopokea.

Basi nimejitungia kipimo changu. Baada ya kupokea, je, kuna neno ambalo hatutaweza tena kulisema madhabahuni? Kama halipo, hiyo ni sadaka. Kama lipo, tumelipwa. Noti ya mathe haijawahi kumfunga mchungaji mdomo.

Nilipeleka ombi kwenye kamati: majina ya watoaji yasitajwe, na mgeni asipewe maikrofoni. Wakaniambia watalitazama. Bado wanalitazama. Mimi nami bado nakipiga kile kinanda kila Jumapili, na kila nikikigusa najiuliza kama nami si mmoja wa wale makuhani walioziba pua wakati umekwisha kupita.

Wewe msomaji, ungekirudisha?