Utambulisho wa Gari la Vita Linalofufuliwa
Swali la utambulisho, yaani kinachofanya kitu kiendelee kuwa kilekile ijapokuwa sehemu zake zinabadilika, lilielezwa na mwandishi wa kale Plutarch kupitia merikebu ya shujaa Theseus, ambayo mbao zake zilizooza ziling'olewa na kuwekwa mpya. Na katika karne ya 17 mwanafalsafa Thomas Hobbes alilikaza zaidi alipouliza ingekuwaje kama mbao kuukuu zingekusanywa na kuunda merikebu ya pili. Swali hilo huwakabili wanaokarabati Jeep za Vita vya Pili vya Dunia, zilizoundwa na viwanda vya Willys-Overland na Ford nchini Marekani, zaidi ya 600,000 kwa jumla, kwa vipimo vya pamoja ili spea za moja ziingie katika nyingine. Ford ilipiga chapa ya herufi F hata kwenye vichwa vya boliti, na wapo mafundi wanaozisaka boliti hizo kwa miaka, wakisugua kutu kwa brashi ya waya mpaka herufi ionekane. Bidii hiyo inastahili heshima kubwa, lakini haitoshi kuthibitisha uhalisi, kwa kuwa karakana za jeshi zenyewe zilichanganya spea bila kujali chapa, na gari lililotoka humo likiwa na injini ya jingine halikuhesabiwa kuwa bandia. Iwapo utambulisho umo katika mfululizo usiokatika wa matumizi na matunzo, basi kiraka kilichochomelewa vitani ni halali zaidi kuliko bati jipya linalofanana na la kiwandani, na anayekiondoa ili gari ling'ae anafuta ushahidi wa watu waliolitegemea kwa uhai wao.