Mabati 12 na daftari la Mama

Mwezi wa saba huku kwetu Singida ni mwezi wa upepo na alizeti. Mchana tunapiga vichwa vya alizeti kwa fimbo juu ya turubai, jioni tunakula ugali wa uwele na mlenda, na ikifika saa mbili usiku kila mtu anatafuta blanketi. Nilikuwa nimekuja likizo kwa Mama, wilayani Ikungi, na kwenye simu nilikuwa nimepakua tamthilia ya Kenya iitwayo Country Queen, sehemu zake zote sita. Nilijiambia nitaangalia moja kila usiku. Nilianza saa tatu. Jogoo wa kwanza aliwika nikiwa namalizia ya sita.

Tamthilia hiyo ilianza kuonyeshwa Netflix Julai 2022. Akisa anarudi kijijini kwao baada ya miaka kumi Nairobi, anakuta kampuni ya madini inaimezea mate ardhi ya wazee wake. Fedha inapita chini kwa chini, ndugu wanageukana, siri za wakubwa zinafichuka moja baada ya nyingine. Kila sehemu inakatika pale pale roho ilipo juu, na mkono unafungua inayofuata kabla akili haijaamua.

Kwa mtu wa Singida, kisa hicho hakiko mbali. Dhahabu tunaijua tangu enzi za Mjerumani: Sekenke, kule Iramba, ndiko ilikotoka dhahabu ya zile sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo, zilizopigwa Tabora mwaka 1916, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimepamba moto. Leo mgodi upo Mang'onyi, humu humu Ikungi. Ndiyo maana kisa kile kilinikaa kifuani, na asubuhi tulipokuwa tunapepeta nikamsimulia Mama chote. Nikamalizia kwa maneno ambayo wengi wetu tumezoea kuyasema: "Mama, mambo haya wakubwa wanayamaliza wenyewe huko juu. Mwananchi wa kawaida hana lake."

Mama akaweka ungo chini. "Mwanangu, Jumamosi tuna mkutano mkuu wa kijiji. Utakuja, au siku hizi wewe ni mwanakijiji wa humo kwenye simu?"

Nikaenda. Mkutano wa saa nne ulianza karibu saa sita, kwa sababu tulikaa chini ya mwarobaini tukisubiri akidi itimie. Mtendaji wa kijiji akasoma taarifa ya mapato na matumizi kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Hapakuwa na muziki wa kukuambia kwamba sasa tega sikio. Usingizi ukaanza kuninyemelea. Mama alikuwa na daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada, na kila tarakimu iliyosomwa aliiandika.

Tukafika kwenye "mengineyo", ajenda ambayo watu wengi huitumia kukung'uta nguo tayari kwa kuondoka. Mama akanyoosha mkono. "Ndugu mwenyekiti, mkutano wa mwezi wa nne tulisomewa mabati 12 ya darasa. Leo sijayasikia. Naomba kujua yako wapi."

Pakawa kimya. Mimi niliyekuwa nimekesha na hila za kampuni na wanasiasa nilishampata mwizi. Nilimtazama mtendaji akipekua karatasi zake, nikamhukumu pale pale. Mwenyekiti hakukasirika. Wakachaguliwa watu wawili, kijana mmoja na mama mmoja, wakapewa ufunguo wa stoo. Baada ya robo saa walirudi. "Tumeyahesabu. Yapo yote 12. Bado fundi tu."

Mama akaandika: mabati 12, yapo. Akapiga mstari chini yake. Mtendaji akamshukuru, na naamini shukrani ile ilitoka moyoni, maana hakuna tena wa kumnong'ona kisimani kuhusu mabati ya shule.

Nimelifikiria jambo hili tangu siku ile. Tamthilia bila mwovu haiendi. Kijiji kinaweza kuhesabu mali yake hata kama hakuna aliyeiba, na kikihesabu mara kwa mara, atakayetaka kuiba atakuta macho yako wazi. Mama hakumshuku mtu. Aliuliza kwa sababu alikuwepo mwezi wa nne, na kwa sababu aliandika. Lile neno langu la "wakubwa wanayamaliza wenyewe" lilikuwa uvivu uliovaa joho la hekima.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla mkutano mkuu haujaridhia. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inautaka mkutano huo ukae angalau mara moja kila miezi mitatu, na kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wake. Nguvu hiyo tumeshapewa, lakini haifanyi kazi pasipo akidi, na akidi ni watu waliokubali kukaa chini ya mwarobaini wakisikiliza taarifa isiyo na muziki. Muda niliokesha usiku ule mmoja ungetosha mikutano miwili.

Siilaumu tamthilia. Ndiyo iliyonitia uchungu wa ardhi hadi nikamsimulia Mama. Kosa langu lilikuwa kuumaliza uchungu wote kitandani, kwa ajili ya kijiji cha kutungwa, huku cha kwangu kikisubiri mtu mmoja zaidi ili kikao kifunguliwe.

Mkutanoni palikuwa pia na suala la mpaka wa eneo la malisho, nalo halikuisha siku ile. Limeahirishwa hadi mkutano wa mwezi wa kumi. Natamani sana kujua litaishaje. Nimeshaomba ruhusa kazini, na nimenunua daftari.